Munyu wa Ivuna

Ukitoka Mbeya mjini kuelekea magharibi, ukaipita Mbozi, kisha ukateremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Rukwa, baridi hubaki nyuma na joto hukupokea. Huko bondeni, katika Wilaya ya Momba, ndiko iliko Ivuna. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya Mkoa wa Mbeya, hadi Songwe ilipokuwa mkoa mwaka 2016. Kiangazi kikikolea, ardhi ya kandokando ya chemchemi zake hukauka na kuvaa utando mweupe. Utando huo ni chumvi, yaani munyu.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini imezoea kunukia baruti. Iringa ina chifu Mkwawa, ina ngome ya Kalenga iliyotekwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, ina fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954. Simulizi hiyo inastahili kila heshima inayopewa. Lakini zaidi ya miaka 500 kabla ya mizinga kulia Kalenga, watu walikuwa Ivuna wakipika chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo katika miaka ya 1960, wakakuta marundo ya vigae na mabaki ya kazi hiyo, ya kati ya karne ya 13 na ya 15. Hakuna mfalme aliyetajwa katika marundo yale. Kuna vyungu tu, na jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo wenye chumvi hukwanguliwa juu juu, maana ukichimba chini sana unabeba tope. Hutiwa ndani ya chungu kilichotobolewa kitako, kilichotandikwa nyasi ili zichuje. Maji humiminwa juu, taratibu, na chini hudondoka tone baada ya tone, yakiwa yamebeba chumvi na kuacha mchanga. Maji hayo ndiyo hutelekwa motoni hadi yakauke, na kwenye chungu hubaki chembe zenye rangi ya kijivu. Kuni nyingi huteketea kwa chumvi kidogo. Mvua zikianza, chemchemi hufurika na kazi husimama.

Ndiyo maana munyu ulikuwa mali. Kule milimani shamba hustawi na ng'ombe hunenepa, ila chumvi ni adimu. Wasio na chemchemi walichoma matete na majani ya mabwawani, wakachuja majivu na kuchemsha maji yake. Walichopata kilikolea chungani, lakini kiliacha uchungu ulimini. Aliyewahi kuonja chumvi ya kweli hakuona shida kutembea siku kadhaa kuifuata. Ilishuka nafaka, yakashuka majembe, ukapanda munyu. Upande wa pili wa Rukwa walikuwapo Wafipa, mafundi wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo. Jembe na chumvi vilitafutana.

Mbali zaidi, Uvinza karibu na Mto Malagarasi, biashara ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Chumvi ilipikwa huko tangu karne ya 5 au ya 6, na katika karne ya 19 watu walimiminika kila kiangazi kupika, huku watemi wa Wavinza wakitoza ushuru.

Njaa ya chumvi haikuwa ya Afrika pekee: Uswidi nayo iliijua. Bahari yake ya Baltiki ina chumvi kidogo mno, hivyo samaki wa heringi walihifadhiwa kwa chumvi iliyotoka Lüneburg, Ujerumani, kupitia bandari ya Lübeck, na baadaye kwa chumvi ya Ureno. Iliyokuwa ghali ilitumiwa kwa kubana: heringi wa surströmming hutiwa chumvi ya kuzuia kuoza tu, kisha huachwa wachachuke. Mpishi wa kule na mama wa milimani aliyechuja majivu wangeelewana haraka.

Jina la Ivuna limefika mbali, ila kwa sababu nyingine. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kiliangukia huko, na kundi zima la vimondo adimu limepewa jina lake. Sampuli ambazo chombo cha anga cha Japani kilizileta kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 zilifanana nacho. Inauma kwamba jiwe la siku moja linajulikana maabara za dunia nzima, na kazi ya karne nyingi haijulikani vizuri hata Mbeya.

Chumvi ya bara ilikuwa na upungufu mmoja mzito: haikuwa na iodini ya kutosha. Udongo wa milimani nao una uhaba wa madini hayo, na rovu likawasumbua watu wengi wa Iringa na Mbeya. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini, kisha katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula itiwe madini hayo. Leo katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, juu ya mfuko mdogo wa nailoni, mnunuzi husoma jina la iodini kwa maneno mawili: madini joto.