Kuunganisha Waya ni Programu Pia, Wacheni Dharau

Wasee, kuna dharau moja imezoeleka: ukitengeneza programu kwa kupanga visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa waya za kuchora, unaambiwa ati unacheza tu, programu ni ya kuandika. Mimi nakataa, na historia iko upande wangu.

Anza na ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1946. Kuipa hesabu mpya ilikuwa kuchomoa waya, kuzichomeka kwingine na kuseti swichi, ndio jibu la sehemu moja liingie sehemu nyingine. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Siku ya uzinduzi sifa zilienda kwa mashine na walioijenga. Hao sita hata hawakutambulishwa.

1966, huko MIT, William Sutherland akaonyesha kwamba unaweza kuchora programu kwenye skrini. Katikati ya miaka ya 1980, Miller Puckette akatengeneza Max pale IRCAM, Paris, kwa ajili ya wanamuziki. 1996 akaleta Pure Data, ambayo ni ya bure.

Sasa, msichana au kijana wa Kayole ama Umoja tayari anajua hii hesabu. Angalia fundi wa nganya: redio inaingia kwa amp, amp inaingia kwa spika. Akikosea mpangilio, ngoma hailii. Pure Data ni hivyo hivyo. osc~ inatoa toni, waya inaipeleka kwa *~ ya kupunguza sauti, halafu dac~ inaitoa kwa spika. Visanduku vitatu tu, na umeshatengeneza kitu kinachosikika.

Lakini usidhani ni rahisi. Ukitoa waya mbili kwa tundu moja la ujumbe, ile uliyounganisha kwanza ndiyo inatangulia, na kwa macho huwezi kuijua. Lazima uweke kisanduku cha kupanga zamu. Ukirudisha ujumbe kwa kisanduku ulikotoka bila kitu cha kuusimamisha, utazunguka hadi programu ilalamike. Hiyo ni akili ileile ya kuandika programu: nini kinatangulia, nini kinasubiri, nini kinasimama wapi.

Kwa hivyo swali halikuwa kama waya ni programu. Swali ni nani anaruhusiwa kuitwa mhandisi. Nganya ikipita, mtaa mzima unajua jina lake, na ni wachache wanaomjua aliyelala chini ya viti akiunganisha waya. Wale sita wa ENIAC walingoja miongo kadhaa ndio majina yao yajulikane.

Wewe usingoje. Unganisha, na hapo kando ya visanduku vyako andika jina lako.