Ihefu: Timu Iliyohama, Jina Likabaki

Sisi wa Mkwajuni tunavijua vitu vinavyokuja kwa kishindo na kuondoka kimya kimya. Jirani yetu, huko Saza, mgodi wa dhahabu wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Ulipofungwa, mashine zilinyamaza na vibarua wakatawanyika, kila mtu kwao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, habari ya timu ya mpira ya Ihefu nisemayo hapa siioni kuwa habari ya mpira peke yake.

Tuanze na jina. Ihefu ni kinamasi katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako maji ya mito itokayo milimani hukusanyika kabla ya kuendelea na safari katika Ruaha Mkuu. Watu wa huko tulikuwa nao mkoa mmoja wa Mbeya mpaka 2016, Mkoa wetu wa Songwe ulipozaliwa. Sisi tuna dhahabu, wao wana mpunga. Pale Ubaruku palianzishwa shamba kubwa la mpunga la serikali katika miaka ya 1970, kwa msaada wa China. Baadaye shamba hilo liliingia mikononi mwa kampuni binafsi, na uwanja wa Highland Estates ndio uliokuwa nyumbani kwa timu ya Ihefu.

Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Ligi yenyewe haikuwa tena ile ya ridhaa tuliyoizoea zamani, ya mchezaji kutoka kazini jioni na kuvaa jezi. Ilikuwa ligi ya mikataba na fedha: mwaka 2021 haki za kuionyesha kwenye televisheni ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Katika ligi ya namna hiyo, timu ya wakulima wa mpunga ilionekana kama mgeni aliyekosea mlango.

Kisha ikaja tarehe 29 Novemba 2022. Yanga ilifika Ubaruku ikiwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, tangu Aprili 2021. Yannick Bangala akaifungia Yanga bao la kwanza. Never Tigere akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na Lenny Kissu akafunga la pili. Ihefu 2, Yanga 1. Hapa kwetu hata watu ambao hawajawahi kufika Ubaruku walishangilia, na sitaficha kwamba wenye sauti kubwa zaidi walikuwa wa Simba. Waliodhani ni bahati walijibiwa tarehe 4 Oktoba 2023, uwanja ule ule, kwa mabao yale yale: 2-1.

Lakini kabla msimu huo wa 2023/24 haujamalizika, timu ilikwishahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina na kuitwa Singida Black Stars. Haikushuka daraja wala haikufilisika. Ilihama na nafasi yake ya Ligi Kuu mkononi, kama mpangaji anayehama na kitanda chake. Mwaka 2025, kwa jina lake jipya, ikatwaa Kombe la Kagame. Timu iliyowahi kuwa ya Ubaruku ilikuwa imefika mbali, lakini Ubaruku haikuwemo safarini.

Haki isemwe. Timu ya Ligi Kuu inakula fedha: mishahara, usajili, nauli za kwenda Bukoba na Mtwara. Mwenye fedha ana haki ya kuamua aziweke wapi, na bila mwenye fedha huenda Mbarali isingeiona Yanga hata siku moja. Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nayo akiitaka, unabaki ulivyo.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo wangu kwamba mwalimu akiripoti shule mpya asianze kuuliza ina madarasa mangapi, aulize ni ya nani. Shule ambayo wanakijiji wamebeba mawe yake, paa likiezuliwa na upepo, watalirudisha. Naona na timu ni hivyo hivyo. Tukuyu Stars ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, kisha haikuupata tena. Lakini mpaka leo ubingwa ule ni wa Tukuyu, hakuna awezaye kuuhamisha. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilishuka mwaka 2023, na mwaka 2025 ikarudi na jina lake. Kushuka daraja si kufa.

Kwa hiyo wilaya inayoletewa timu na tajiri isiikatae, ila iulize maswali mapema, kabla ya vigelegele. Wanachama watakuwa na sehemu gani? Jina litakuwa la nani? Timu ikiondoka, uwanja utabaki kwa nani, na vijana wa pale watachezea wapi?

Maswali hayo yanatuhusu na sisi huku. Agosti 2024 Ken Gold, timu ya ndugu zetu wa Chunya, ilianza maisha yake ya Ligi Kuu kwenye uwanja wa Sokoine, Mbeya. Mgeni wake wa kwanza alikuwa Singida Black Stars, yaani Ihefu ya jana, akashinda 3-1. Mwaka 2025 Ken Gold ikashuka. Imeshuka na jina lake, na njia ya kurudi ipo. Watu wa Mbarali hawana timu ya kuisubiri ipande. Wamebaki na kinamasi chao, ambacho kilikuwa na jina hilo kabla ya mpira.