Mkuki, Mbwa na Nyati: Hatari za Mawindo katika Karagwe na Kyerwa

Nyati aliyejeruhiwa hatoroki moja kwa moja. Hukata porini, akazunguka, kisha akarudi kusimama kichakani kando ya njia ile ile aliyopita, akimsubiri anayefuata damu yake. Wawindaji wa nchi za Maziwa Makuu walilijua hilo kabla bunduki haijafika kwao, na mpango mzima wa mawindo ulilizingatia. Mbwa walitangulia, kengele shingoni ili wenye mikuki wajue walipo. Watu walitawanyika badala ya kufuatana, na aliyechoma mkuki wa kwanza hakuachwa aende peke yake kufuata damu. Aliyeangushwa alijilaza kifudifudi, akajibana na ardhi, kwa kuwa jinsi pembe za nyati zilivyopinda humwia vigumu mnyama huyo kumzoa mtu aliyelala chapa. Huo ndio muda ambao mbwa na wenzake walihitaji ili wamvute mnyama upande mwingine. Dume la nyati laweza kufikia kilo 800, na hakuna mkuki mmoja unaolisimamisha. Kwa maoni yangu, uhai wa mwindaji wa Karagwe ulikuwa mikononi mwa wenzake, na mabadiliko makubwa ya miaka mia moja na ushee iliyopita yalikuwa ni kumwondolea wenzake hao.

Karagwe ninayoizungumzia ni ile ya kale, ufalme wa Wahinda wenye makao Bweranyange, ambao nchi yake leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilipata kuwa wilaya mwaka 2012. Ni nchi ya safu za vilima virefu vyenye majani, na chini yake mabonde yanayoishia kwenye mafunjo ya Mto Kagera na maziwa madogo. Kiboko, nyati, chui na nzohe wamekuwa majirani wa Wanyambo, wenyeji wa nchi hiyo, muda wote huo. Simba na kifaru walikuwapo pia, tena si haba.

Mwingereza John Hanning Speke aliingia kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameua vifaru karibu na makao ya mfalme, akisaidiwa na wana wa Rumanyika waliomwonyesha mahali na kuwakurupusha wanyama. Vichwa vikapelekwa kwa mfalme, naye akastaajabu. Mara nyingi habari hii husimuliwa kama ushindi wa bunduki. Mimi naitazama kwa upande wa vijana wale walioingia vichakani, mahali ambapo kifaru hutokea kwa ghafla na hatoi nafasi ya pili. Ujuzi wa kujua amelala wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, na atakimbilia wapi ulikuwa wao.

Kitabu cha Speke cha 1863 kimehifadhi pia simulizi alilopewa na Rumanyika mwenyewe. Babu yake, Ruhinda, alipofariki, mwanasimba alitoka katika moyo wa maiti akaulinda mlima alipowekwa. Simba wakaongezeka, wakamtii Ndagara, baba yake Rumanyika, na aliposhambuliwa na mataifa ya kaskazini alituma simba badala ya jeshi. Waliosikiliza simulizi hilo walipata fundisho la utawala: mnyama mkali ni wa mfalme, na anayemkabili porini anakanyaga mahali penye mwenyewe.

Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, kuna kisa cha Ryangombe, mwindaji mkuu ambaye mama yake alimkataza kwenda mawindoni siku ile. Akaenda, akauawa kwa pembe za nyati. Jina la Ryangombe linajulikana mkoani Kagera pia, miongoni mwa mizimu ya Wachwezi, pamoja na Irungu, mwenye mapori, ambaye wawindaji wa Buhaya, nchi jirani ya Wahaya, walimwomba radhi kabla ya kuingia nchi yake.

Kisha ukaja ugonjwa wa sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ng'ombe wa Karagwe waliteketea, nyati nao wakafa kwa wingi. Ndui na njaa zikapunguza watu, vichaka vikajaa mahali palipokuwa malisho, mbung'o wakafuata. Vijiji vilivyokuwa vikitoa makumi ya wanaume kwa siku moja ya mawindo havikuweza tena. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na vibali vikaanza. Waingereza walifuata na sheria yao ya 1921, Tanzania huru na ile ya 1974. Sheria hizo zimeokoa wanyama, nami nasimama upande wake. Lakini mawindo ya kelele, mbwa na kengele hayafichiki. Aliyeendelea kuwinda bila kibali aliwaacha mbwa na majirani, akashika gobole na waya.

Gobole hujazwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomo wa mtutu, hupiga mara moja tu, na kulijaza tena huchukua muda ambao nyati hampi mtu. Waya una hatari ya namna nyingine. Mtegaji hurudi alfajiri bila kujua amenasa nini. Anaweza kumkuta chui aliye hai, mguu umekatwa hadi mfupa, waya umebaki uzi mmoja. Mtegaji akijeruhiwa, hawezi hata kupiga yowe, kwani litamfichua.

Mwaka 1957 vifaru weusi walichukuliwa Karagwe wakavushwa hadi Hifadhi ya Akagera, Rwanda, ambako pia walikuja kuuawa mpaka wakaisha. Wengine waliletwa huko Akagera kutoka Afrika Kusini mwaka 2017. Upande wetu, wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda la 1994 liliyaelemea mapori ya Kagera kwa kuni na kitoweo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Kanuni za serikali za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mkulima aliyekanyagwa na kiboko shambani anaweza kudai. Mjane wa mtu aliyekufa kwenye mtego wake mwenyewe hana pa kupeleka barua.