Njia ya Haymu Tipe: Kutoka Ma'angwatay hata Irqwar Da'aw

Waalimu kadha wa kadha wa upande wa Tlawi wametaka kujua kama yawezekana mtu kuishika kwa miguu, toka mwanzo hata mwisho, njia waliyoipita wazee wa Wairaqw walipokuja katika milima ya Mbulu. Twajibu kwamba yawezekana. Lakini matayarisho yake hayaanzi katika viatu wala katika chakula. Yaanzia katika habari yenyewe, kwa kuwa habari ndiyo ramani ya njia hii, nayo yataka kusomwa kwa hadhari.

Wazee husimulia hivi. Wairaqw walikaa Ma'angwatay, mahali panapodhaniwa kuwa katika nchi ya Kondoa, na mkuu wao alikuwa Haymu Tipe. Vijana wakashindana naye kwa ajili ya ukubwa. Wakamkamata Gemakw, mwanawe wa pekee, wakamweka mwituni, wakamwambia baba yake alete adui wapate kupigana naye, ama sivyo mwana atauawa. Mzee akaenda kwa mkuu wa Wabarabaig, ambao ni Wadatooga, akamwomba aje na watu wake wa vita. Wakapigana, na vijana wengi wa Wairaqw wakaanguka. Gemakw akarudi mzima. Ndipo Haymu Tipe akawachukua jamaa zake na wengine waliosalia, akashika njia ya kaskazini, akapita Tsaayo na Mangati, akatua Guser-Twalay. Vijana waliobaki nyuma wakafuata nyayo zake hata wakamkuta. Lakini hawakukubali kukaa mahali pamoja naye, wakaendelea mpaka Qawirang, katika bonde lililo magharibi ya Dareda. Haymu Tipe akaugua, akafa Guser-Twalay. Gemakw na watu wake wakaondoka wakaenda Qawirang kuungana na wale wengine. Watu na mifugo walipozidi, wakapanda Irqwar Da'aw, nchi iitwayo leo Mama Isara.

Tungeomba msomaji asiyapite upesi maneno hayo ya mwisho. Gemakw aliwaendea watu wa kundi lile lile lililotaka kumwua. Masimulizi hayatuambii walisemezana nini, nasi hatutatia maneno vinywani mwao. Ila yatosha kuona kwamba Wairaqw hawakujitungia asili ya mashujaa watupu. Waliyahifadhi makosa ya wazee wao pamoja na majina ya vituo.

Na majina hayo, je, ni ya kweli? Twaona ushahidi ulio bora kuliko wote umo katika lugha. Kiburunge na Kialagwa husemwa pande za Kondoa. Kigorwaa husemwa kuzunguka Babati. Kiiraqw husemwa juu ya uwanda wa Mbulu. Lugha hizi nne ni ndugu wa nyumba moja, ni za Kikushi cha Kusini, wala hazina udugu na Kirangi, ambacho ni cha Kibantu, wala na Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti. Basi ndugu hao wamepangwa kutoka kusini hata kaskazini, karibu kama vile habari inavyokwenda. Jambo hili halithibitishi kwamba Haymu Tipe aliishi, lakini lathibitisha kwamba njia si ndoto. Kwa upande mwingine, jina la Mangati latutia shaka kidogo. Neno hilo ni la Kimasai, maana yake maadui, nao Wamasai waliwaita hivyo Wadatooga. Kwa hiyo huenda msimuliaji wa baadaye alikiita kituo cha zamani kwa jina la siku zake.

Sasa tuje kwa miguu. Mwaka 1892 Dr. Oscar Baumann alitoka Tanga akaenda Umasai, akaliona ziwa la Manyara na shimo kubwa la Ngorongoro. Msafara wa namna ile ulihesabiwa kwa mizigo: nguo na shanga za kununulia chakula, na wapagazi wa kuvichukua. Wazee wa Wairaqw walihesabu kwa namna nyingine, maana chakula chao kilikwenda kwa miguu yake chenyewe. Ng'ombe hataki mpagazi, lakini ataka maji kila siku na majani kila jioni. Kwa hiyo atakaye kuitafuta njia yao asitazame mstari ulio mfupi. Atazame mito, mabonde yenye malisho, na mahali ambapo kundi laweza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Toka Kondoa hata Babati ni karibu kilomita 100, na mwenda kwa miguu asiye na haraka atatumia siku nne au tano. Kisha huelekea magharibi hata Dareda, na hapo ukuta husimama mbele yake. Juu yake nchi ni ya baridi na ukungu, na Irqwar Da'aw iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Wakati ufaao ni kuanzia Juni hata Oktoba, ijapokuwa usiku wa Juni na Julai wataka blanketi la pili. Wakati wa mvua tusimshauri mtu yeyote kulala chini ya Hanang, mlima wa mita 3,417. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliteremka kutoka mlima huo juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa.

Kwa daftari, twataka kila kituo kiandikwe mara mbili: kama Mwiraqw au Mgorwaa alitamkavyo jina lake, na kama jirani Mdatooga au Mrangi alitamkavyo. Atakayeandika aangalie *tl*, *hh*, *qw* na kituo cha koo kilichomo katika Ma'angwatay, ambavyo sikio la Mswahili huvipoteza. Aanze na Tsaayo, na wazee wa pande zote mbili waulizwe.