Neno "Lazima" na Historia Yake

Miongoni mwa maneno tunayoyatumia shuleni, nyumbani na barazani, ni machache yatamkwayo upesi kama "lazima". Mkutano ni lazima, mchango ni lazima. Nasi twadhani twalijua. Lakini huku Ringwani, na Mara nzima, neno hili lina historia ambayo yafaa wasomaji wetu waitazame.

Asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kushikamana na kitu pasipo kuachana nacho. Ng'ombe lazima anywe maji. Mtama lazima upate mvua. Hapo hapana aliyeamuru. "Budi" nalo latoka Kiarabu, maana yake njia ya kuepukia; ndiyo sababu hutumika pamoja na kukanusha: sina budi, hapana budi. "Sharti" ni la mapatano: aoaye kwa Wakuria au Wangoreme, sharti atoe ng'ombe wa mahari, asiyeoa hadaiwi.

Shida ya "lazima" ni kwamba huchukua pia amri ya mtu. "Lazima uhame" yaweza kusemwa na njaa, na yaweza kusemwa na mwenye bunduki. Neno lenyewe halionyeshi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, aliandika katika Ujamaa Vijijini kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuanzishwa kwa nguvu. Novemba 1973 akatangaza kwamba watu wote wa mashambani lazima wawe wamekwisha kuhamia vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 operesheni ikafika Mara. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mwenye mji na zizi lake, wakakusanywa. Mahali pengine katika nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto, ili wenyewe wasirudi.

Serikali ilikuwa na hoja: shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kuifuata kila nyumba porini. Hoja hiyo si ndogo, nasi walimu tusiidharau. Maana Novemba 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi kufikia mwaka 1977. Lakini kuhitaji shule ni jambo moja, na kubomolewa nyumba ni jambo jingine kabisa. Neno moja liliyafunika yote mawili.

Kwa bahati njema, Kiswahili hicho hicho chaweza kuyatenganisha. "Ilitulazimu kuhama" yasema juu ya jambo, kama ukame au maradhi ya mifugo. "Tulilazimishwa kuhama" yasema kwamba alikuwapo mtu aliyelazimisha, hata kama hakutajwa. Tofauti ni ndogo mdomoni, bali katika historia ni kubwa sana. Basi mwanafunzi akiandika habari za babu zake kwamba "ilikuwa lazima wahame," mwalimu asisahihishe herufi tu. Na amwulize: ni nini kilichowalazimu, au ni nani aliyewalazimisha?