Nisba Kwanza, Uwiano Baadaye

Sina ugomvi na neno uwiano. Ugomvi wangu ni na wale waliolibebesha kazi mbili: liwe jina la 2:4 peke yake, na liwe pia jina la kulingana kwa 2:4 na 12:24. Mkanganyo ulipowafika shingoni wakaongeza kivumishi, tukapata "uwiano sawa". Kamati iliyopitisha istilahi hiyo ituoneshe uwiano usio sawa.

Tuanze na kitenzi. Kuwa kumezaa kuwia, ambako tunakusikia kila siku katika "niwie radhi". Kuwia kumezaa kuwiana: viwili kuwa kila kimoja kwa mwenzake, kupatana, kwenda pamoja. Usawa umo tayari ndani ya neno, wala hauhitaji kupachikwa kwa nje. Kenya ilipounda Tume ya Uwiano na Utangamano kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, maana iliyokusudiwa ilikuwa hiyo ya kupatana. Na anayedai uwakilishi wa uwiano bungeni anadai viti viende sawa na kura. Watumiaji wamekwisha kuamua. Waliobaki nyuma ni wanaistilahi.

Basi 2:4 iitweje? Nisba. Neno hili limo katika Kiswahili tangu zamani. Mzee wa pwani husema "ama kwa nisba yangu mimi" bila kumwomba mtu ruhusa. Shina lake ni lile la nasaba na kunasibisha, yaani kukihusisha kitu na kingine. Jina kama Mazrui ni nisba: linakwambia mtu ni wa nani. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliita kitu kama 2:4 nisba karne nyingi kabla ya kamati zetu, na Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya mafumbo ya wasia na mirathi. Hesabu hizo bado tunazo katika mirathi ya Kiislamu: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja.

Pendekezo hilo, nililolitoa katika ripoti kwa kamati ya istilahi, lilirudishwa na maneno mawili pembeni: "Kiarabu mno". Aliyeyaandika aliyaandika katika ripoti ya hesabu, yenye sifuri, nusu, robo na thuluthi. Mjumbe mwingine akadai nisba itachanganywa na nasibu, wanafunzi wadhani wanabahatisha. Nasibu ina shina jingine kabisa, lenye sauti nyingine ya S ambayo Kiswahili hakiitofautishi. Mtu asiyelijua hilo hakustahili kukalia kiti cha kamati, na nalisema bila kuficha.

Madhara yako darasani. Chukua fumbo hili: fundi anachanganya saruji, mchanga na kokoto, 1:2:4, ametumia ndoo 12 za mchanga, anahitaji ndoo ngapi za kokoto? Mwanafunzi hujumlisha 1, 2 na 4, akapata 7, kisha akagawanya 12 kwa 7 na kukwama. Ameambiwa "tumia uwiano", na uwiano anaoukumbuka ni ule wa kugawana mali yote kwa mafungu. Hakujiuliza kama hizo 12 ni za zege zima au za mchanga tu. Neno nisba halimwachii nafasi ya kuliruka swali hilo, kwa sababu halikamiliki bila ncha zake mbili: nisba ya nini kwa nini? Nisba ya mchanga kwa kokoto ni 2:4. Nisba ya 12 kwa idadi tunayoitafuta ni hiyohiyo. Nisba mbili zikilingana, zinawiana. Na kwa kuwa 12 ni mara 6 ya 2, kokoto ni mara 6 ya 4, yaani ndoo 24. Fumbo zima limesemwa kwa Kiswahili, na kila neno limefanya kazi moja.

Kuhusu matumizi: nisba ni ngeli ya i-/zi-, wingi wake haubadiliki, na 2:4 isomwe "mbili kwa nne", kama mafundi wa zege wanavyosema.