Kwaya ya Kamina: Ilisikika Sinema, Haikuonekana

Katika makanisa ya Kikatoliki ya Kongo, kuanzia Bunagana mpakani na Uganda hadi Kamina kule Katanga, ngoma kwenye misa haimshangazi mtu leo. Zama za Wabelgiji mambo yalikuwa mengine: misa ilikuwa ya Kilatini, na wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa kitu cha kipagani.

Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Mwaka uliofuata akaanzisha kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa nchi yake. (Kazi ya Waluba, watu wa eneo hilo, lakini jina la mkoloni: ndivyo ilivyokuwa.) Hapo ndipo ilipozaliwa Missa Luba, yaani Misa ya Kiluba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini muziki ulitungwa papo kwa papo mazoezini, pasipo noti kuandikwa. "Bwana utuhurumie" iliimbwa kwa mtindo wa kasala, maombolezo ya Waluba. "Mtakatifu" ikafuata wimbo wa kuagana. Machi 1958 misa hiyo iliimbwa kanisani Kamina, kisha kwaya ikasafiri Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Brussels. Santuri ikatoka kwa kampuni ya Philips.

Santuri hiyo ndiyo iliyofika sinema. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, Mwitaliano mkomunisti asiyemwamini Mungu, alitoa filamu ya Injili ya Mathayo, akawachezesha watu wa kawaida badala ya nyota. Ndani yake alichanganya Bach, nyimbo za Wamarekani weusi na "Utukufu" wa Kamina. Yesu anapofufuka, zinazolipuka ni sauti na ngoma za Waluba. Sijaona filamu nyingine ya Yesu iliyoipa Afrika nafasi kubwa hivyo.

Miaka minne baadaye ikaja *if....* ya Mwingereza Lindsay Anderson. Humo, Mick Travis, mwanafunzi wa shule ya bweni anayeigizwa na Malcolm McDowell, anaipiga "Mtakatifu" kwenye gramafoni tena na tena, hasira dhidi ya wakubwa wa shule ikizidi kumpanda. Mwisho wa filamu yeye na wenzake wako juu ya paa, wanawamiminia risasi wazazi na walimu. Wimbo wa altareni ukawa wimbo wa waasi! Filamu ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969, na mwaka huohuo "Mtakatifu" ikaingia katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza.

Waimbaji wenyewe hawaonekani katika filamu yoyote kati ya hizo mbili. Zilitumiwa sauti zao tu, na sifa nyingi zikamwendea padri, ingawa muziki ulitoka vinywani mwao. Afrika Mashariki nayo iliurithi: Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi Missa Luba upya.

Ukizipata filamu hizo, sikiliza sauti inayoitangulia kwaya. Ni ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule ya Kamina.